Ngozi Niliyoivika Nyumba ya Dada

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya utando sikupewa bunduki ya kupulizia. Nilipewa ndoo ya maji ya bomba, brashi ya mkonge, na ukuta wa ghala uliotazama bandari ya Tanga. Nilikuwa mtu mzima tayari, fundi rangi wa Makorora mwenye cheti cha kidato cha nne na wateja wa kunitosha, na nilikwenda pale nimevaa shati safi kwa kuwa nilidhani nitaonyeshwa mashine. Msimamizi wa kazi, Mbondei wa Muheza, mfupi, mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani, alilitazama lile shati kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Wewe ndiye fundi rangi wa Makorora?"

"Ndimi, Msimamizi."

"Haya, pitisha kidole ukutani. Umepitisha? Sasa kilambe."

"Nikilambe?"

"Kilambe, bwana. Mkeo hayupo hapa."

Vibarua wakacheka. Nikakilamba.

"Kina ladha gani?"

"Chumvi."

"Basi osha. Ukiona umemaliza, lamba tena. Kidole chako kikikosa ladha, ndipo tutazungumza habari za mashine."

Niliusugua ukuta ule mpaka mikono ikababuka. Upepo wa baharini huacha chumvi juu ya kila kitu hapa kwetu, na utando ukipulizwa juu ya chumvi hushika chumvi, haushiki ukuta. Baada ya masika moja unavimba kama andazi na kuachia. Hilo nilijifunza kwa ulimi kabla sijajifunza kwa kitabu, na sijawahi kulisahau.

Ninyi mafundi vijana mmeniuliza mara nyingi kazi hii tuliifanyaje wakati inaanza huku pwani. Nitawaeleza nilivyoijua. Lakini nitawaeleza pia habari ya nyumba moja ya Pangani, nyumba ya dada yangu, kwa sababu bila hiyo nitakuwa nimewapa nusu ya kazi, tena ile nusu isiyouma.

Utando wenyewe ni kitu kama mpira ulioyeyushwa. Huja katika mapipa, mzito kuliko rangi ya mafuta, na hupulizwa nje ya ukuta kabla ukuta haujavikwa mawe, mabati au mbao za urembo. Ukikauka unakuwa ngozi moja isiyo na mshono, inayozuia hewa kupenya. Sisi pale kazini tuliuita ngozi tu.

Kwa nini hewa izuiwe? Aliyenifafanulia ni Injinia wa mradi, mama wa Kipare aliyevaa buti kubwa kuliko miguu yake na asiyependa kurudia neno. Alikuja siku moja na glasi ya maji yenye barafu, akaiweka juu ya tofali.

"Fundi Athumani, glasi imetoboka?"

"Hapana, Injinia."

"Mbona imelowa nje?"

Nikaipitishia glasi kidole, kikalowa.

"Hewa ya Tanga imejaa maji. Ikigusa kitu cha baridi, inayaacha pale. Sasa fikiria chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya nje ikipenya kwenye nyufa, itaacha maji yake ndani ya ukuta, mahali usipopaona. Baada ya mwaka una kuvu, una kutu kwenye nondo. Ndiyo maana tunaufunga ukuta."

Kisha akaongeza maneno ambayo alikuja kuyarudia, yeye asiyependa kurudia, kila tulipofika kwenye jengo jipya: "Lakini kila ukuta una maji ndani yake. Kabla hujaufunga, nionyeshe yatakapotokea."

Kwa ajili ya neno hilo alikuwa na kifaa kidogo chenye miiba miwili. Unakichomeka ukutani, nacho kinasoma unyevu uliomo. Hakuna bunduki iliyowashwa kabla kifaa hicho hakijasema ndiyo. Ukuta mpya wa tofali ulisubiri ukauke hata kama mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni anafoka. Na tulikuwa na ngozi za aina mbili. Ya kwanza huzuia hewa lakini huruhusu mvuke kutoka polepole, nayo tuliiita inayopumua. Ya pili haipitishi kitu chochote. Hiyo ni ya vyumba vya baridi, ambako joto na mvuke wa nje husukuma kuingia mchana na usiku. Kuchanganya aina hizo mbili ni kosa la mtu asiyejua kazi. Mimi nilikuwa najua kazi.

Kutoka bandarini tulihamishiwa Muheza, kwenye ghala la baridi la machungwa. Pale ndipo niliposhika bunduki. Msimamizi alisimama nyuma yangu akinipigia kelele kama kocha wa mpira. "Mkono usiuzungushe kama unafukuza nzi! Nenda sambamba na ukuta!" Unapuliza kwa ulalo, kisha unakata kwa wima juu yake ingali mbichi. Kila baada ya hatua chache unachomeka kichana, kipande cha chuma chenye meno ya urefu tofauti, ili ujue unene. Ukiwa mwembamba, unaacha vitundu vidogo kama vya sindano. Ukiwa mnene, unatiririka na kuning'inia. Kwenye pembe za madirisha na mahali bomba linapopita unatangulia kubandika kitambaa cha nyuzi, kwa sababu ukuta huchanika penye pembe kwanza, kama nguo. Upepo wa kusi ukishika kasi unafunga mashine. Siku moja hatukufunga, na gari jeupe la mwenye ghala, lililoegeshwa mbali kabisa chini ya michungwa, likapata madoa ya kijivu ubavu mzima. Msimamizi alimwambia yule bwana kwamba sasa gari lake halitapitisha hewa. Hakucheka.

Jaribio nililolipenda kuliko yote ni la kuvuta. Unakata mraba mdogo kwenye ngozi iliyokauka, unagundisha kishikio cha chuma juu yake, unavuta. Ngozi ikibanduka safi, umeshindwa, rudi ukaoshe ukuta. Ikichanika yenyewe, kazi ni nzuri. Lakini ikitoka imeng'oa na kipande cha ukuta nyuma yake, Msimamizi alikishika juu kila mtu akione na kutangaza: "Ukuta umesalimu amri! Ngozi haijashindwa!" Kazi zangu zilikuwa hivyo. Niseme ukweli bila haya, kuanzia Muheza mpaka jengo la wodi tulilolivika pale mjini, hapakuwa na mkono ulioshikisha ngozi kama wangu. Msimamizi alipostaafu na kurudi shambani kwake, Injinia alinipa mimi cheo chake. Kuanzia hapo nikawa nasikiliza kidogo zaidi sauti yangu mwenyewe.

Ndipo tukapelekwa kuivika ngozi hoteli mpya ya ufukweni, kusini mwa Pangani.

Dada yangu, Mwanaasha, alikuwa akiishi Pangani mjini, katika nyumba ya wazazi wetu, mtaa wa pili kutoka mtoni. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule, na baba hakuchelewa kumfuata. Dada ndiye aliyenilea. Aliolewa, akaachika, akarudi kwenye nyumba ile ile, na kwa kusuka mikeka akanipeleka mpaka kidato cha nne. Hakupata mtoto. Alikuwa na mimi na ile nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba mtoto aliweza kulala kwenye kina cha dirisha. Juu kulikuwa na dari lililobebwa na boriti za mikoko, ncha zake zimezama ndani ya kuta. Mama yetu alitolewa kwa jeneza kupitia mlango wake wa mbele, na baba vilevile. Dada alikuwa na usemi wake: "Mimi mlango huu nitautoka nimebebwa." Akiusema alikuwa anacheka, lakini alikuwa anausema kweli. Hakutaka kitu kingine duniani.

Kila Shaaban, kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, wanawake wa mtaa ule walipaka chokaa nyumba zao. Walipaka kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa fulani, wote pamoja. Chokaa ililowekwa kwenye pipa tangu jana yake, ikatiwa bluu ya kufulia kidogo ili weupe ung'ae. Kulikuwa na chai ya tangawizi na maneno ya kusengenya yasiyoandikika. Mwaka nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne, dada kwa furaha alimwaga pakiti nzima ya bluu kwenye pipa, na nyumba ikatoka buluu kama daftari. Jirani yetu Bi Fatuma alisimama njiani akashika kiuno.

"Mwanaasha, umepaka nyumba au umeipeleka shule?"

"Nimeipeleka shule! Na imefaulu!"

Ilibaki buluu mpaka Shaaban iliyofuata.

Nilipokuwa kwenye ile hoteli nililala kwa dada. Shaaban ya mwaka ule iliangukia mwishoni mwa masika. Mvua zilikuwa zimenyesha vibaya, na ukuta wa upande wa mtoni ulikuwa na ramani za maji mpaka usawa wa kifua, kama ilivyokuwa kila masika tangu utoto wetu. Dada alikuwa na umri wa kupata shida kupanda ngazi. Nilimwona anakoroga chokaa huku ameshika mgongo, nikaona uchungu, na nikaona pia nafasi ya kujionyesha. Kazini yalikuwa yamebaki mapipa ya ngozi kutoka kwenye vyumba vya baridi vya jiko la hoteli, yanakaribia kuharibika. Niliomba ruhusa nikapewa. Mtunza ghala aliyenipa alisoma maandishi ubavuni, akasema, "Fundi, hii si ile isiyopumua?" Nikamjibu, "Nani kakuambia nataka ipumue? Nataka izuie mvua."

Dada hakupenda.

"Athumani, nyumba hii huwa tunaipaka chokaa."

"Hutaipaka tena, dada. Utapumzika."

"Nani kasema nimechoka?"

"Mgongo wako umesema."

"Mgongo wangu unasema mambo mengi, usiusikilize." Akaupapasa ukuta kwa kiganja. "Mbichi huu. Mama alikuwa akiuacha ukauke kwa jua la kaskazi, ndipo anaziba nyufa."

"Mama hakuwa na kompresa ya kupulizia."

Maneno hayo nilimwambia mtu aliyenilea.

Kile kifaa chenye miiba miwili kilikuwa ndani ya mkoba wangu, na mkoba ulikuwa umening'inia msumarini, sebuleni kwa dada. Nilikuwa nimekichomeka kwenye kuta za watu nisiowajua majina. Ukuta wa nyumba nilimozaliwa niliugusa kwa kiganja tu, nikajiambia umekauka vya kutosha, kwa sababu Ramadhani ilikuwa karibu, mashine nilikuwa nimeiazima kwa mapumziko ya mwisho wa juma tu, na mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa. Najua hata leo kile kifaa kingesema nini. Nadhani nilijua na siku ile, ndiyo maana sikukitoa.

Niliosha ukuta, nikalamba kidole. Nilibandika kitambaa kwenye pembe za madirisha. Nilipuliza kwa ulalo na kwa wima, na kichana kilisoma unene ule ule kila mahali. Kisha, kwa kuwa ngozi ile haikutengenezwa kukaa juani bila vazi, niliipaka rangi nyeupe juu yake na kujidanganya kwamba inatosha. Watoto walijaa njiani kutazama. Bi Fatuma alikuja akagonga ukuta kwa kucha.

"Umeivika nyumba koti la mvua?"

"Koti lisilovuliwa, Bi Fatuma."

"Haya. Na joto je?"

Nikacheka.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mfalme. Masika yalikuja, na nje ya ukuta maji yaliteleza kama kwenye jani la mgomba. Hakuna ramani wala kijani. Nilikuwa nikiwapeleka wageni wa kazini kuiona. Dada aliwakaribisha chai, akasikiliza nikieleza, akaitikia kwa kichwa.

Jambo moja sikuliona. Shaaban ilipofika, wanawake wa mtaa walipaka kwa zamu kama kawaida, na zamu ikaruka mlango wa dada, maana nyumba yake haikuhitaji chokaa tena. Yeye alikwenda kwa wenzake mara moja, mara mbili. Kisha akaona haya kunywa chai ya watu bila kuwa na siku yake ya kuwapikia. Nilimkuta amekaa barazani peke yake, anasuka ukili wa mkeka, akisikiliza vicheko vya nyumba ya tatu. Nilimuuliza, "Si unapumzika, dada?" Akasema, "Ndiyo, napumzika."

Hoteli ikaisha, nikarudi Tanga. Tulikuwa na kazi Chumbageni, halafu nikapelekwa mbali na pwani, na mwaka mzima ukapita sijafika Pangani. Nilimpigia simu. Alisema ana kikohozi kidogo, vumbi tu.

Nilipokwenda nilikuta mikeka mipya imetundikwa kwenye kuta za sebule, upande ule wa mtoni, kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa changu. Mizuri, yenye rangi. Nikamsifu. Akasema, "Acha, keti unywe chai." Lakini nyumba ilikuwa na harufu, harufu ninayoijua kwa kazi yangu, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukainua ukingo wa mkeka.

Lipu ya ndani haikuwapo. Chini ya mkeka kulikuwa na chumvi, nyeupe, laini, imechanua kama unga uliomwagika, na nyuma yake mawe yamelowa kama yametolewa baharini jana. Maji ya ardhini ambayo kwa miaka yote yalipanda ukutani na kutokea nje kupitia chokaa, yalikuwa yamekuta njia imefungwa. Yakapanda juu zaidi, yakageukia ndani. Kila asubuhi dada alikuwa akifagia ukuta wake, uliokuwa ukianguka kidogo kidogo, na kuumwaga nje kwa beleshi kabla majirani hawajaamka.

"Dada, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba ukuta unaharibika!"

"Kila mgeni ulikuwa unamleta kumwonyesha." Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Nikasema labda na huu nao utazoea."

Nilimpigia Injinia. Alikuwa na safari ya kwenda kukagua ile hoteli, akapita. Aliamkia, "Shikamoo, mama," akavua buti zake mlangoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mahali pengine. Akatoa kifaa chake, akakichomeka chini ukutani, akakichomeka usawa wa kifua, akapanda juu ya kiti akakichomeka chini ya dari. Mshale ulikwenda mwisho mara zote tatu. Kisha akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Iliingia bila nguvu. Alipoichomoa, mti ulitoka nayo kama tumbaku.

Aliniita nje.

"Ulipima?"

"Sikupima, Injinia."

Nilingoja anitukane. Alikuwa amewahi kunifokea kwa sababu tu ya kitambaa cha pembeni nilichokibandika kikapinda. Akasema tu, taratibu, "Tuibandue. Tuone kama ukuta utapumua."

Nilichukua kisu. Nikakata mraba upande wa mtoni, kama nilivyokata mamia, nikashika ukingo, nikavuta. Haukutoka. Nikavuta kwa mikono miwili, mguu umeegemea ukuta. Ukatoka, nao ukatoka na chokaa, na nyuma ya chokaa likatoka jiwe, na nyuma ya jiwe ukamwagika mchanga mbichi uliokuwa unalishika. Kukabaki shimo ambalo ungeweza kuingiza kichwa. Nikajaribu pengine, chini ya dirisha. Hivyo hivyo. Mahali pa tatu Injinia alinishika mkono.

"Acha, fundi. Ukiendelea utaubomoa."

Kila mahali ukuta ulisalimu amri. Ngozi haikushindwa popote.

"Asilale humu tena," alisema.

Dada alikataa. Alikaa kwenye kitanda chake cha kamba, chini ya lile dari, akakunja mikono.

"Mimi nimeshasema nitatoka nimebebwa."

"Dari litakuangukia, dada."

"Basi si nitabebwa?"

Alitaka nicheke. Sikuweza. Nilikaa sakafuni, pale pale chini ya boriti iliyooza, nikamwambia kama hatoki nami sitoki. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Vipande vidogo vya chokaa vilikuwa vinadondoka juu ya mabega yangu, naye alikuwa anaviangalia. Mwishowe akainuka.

"Toka nje, mjinga wee. Una watoto."

Akafunga mlango kwa ufunguo, ingawa ukuta ulikuwa na shimo. Bi Fatuma na wenzake walikuwa wamesimama njiani, wakasogea kumpisha. Dada yangu alipita katikati yao kwa miguu yake mwenyewe.

Nyumba haikufika masika mengine. Ofisi ya kata ilitaka ishushwe kabla haijaua mtu, nikaenda mwenyewe na mafundi wa mawe tukaishusha. Dada alikaa kwangu Makorora, katika chumba cha tofali za saruji, safi, chenye feni. Hakulalamika hata siku moja. Alisuka ukili, aliwafundisha wajukuu wangu Kurani, alikohoa. Mwezi wa Rajab alizidiwa, na Shaaban haikuandama akiwapo. Tulimtoa kupitia mlango wangu wa chuma, mwembamba, ikabidi jeneza tuliinamishe upande. Tulimzika Pangani.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Waliniandalia karamu, wakanisifu kwamba katika miaka yangu yote hakuna ngozi yangu hata moja iliyobanduka. Nilishukuru nikaketi.

Sasa nina wakati wa kufikiri. Sisemi kazi hii ni mbaya. Lile ghala la Muheza bado linahifadhi machungwa, na wodi ile haina kuvu. Ngozi ni kitu chema kwa ukuta ulioumbiwa ngozi. Lakini mji wetu na miji ya jirani ina kuta za watu waliokufa zamani, waliojua kwamba maji hayazuiliki, wakayajengea njia ya kutokea, na wakawaachia watoto wao kazi ya kupaka chokaa kila mwaka. Mimi niliiona kazi ile ni mzigo. Nilimtua dada mzigo, na mzigo ule ndio uliokuwa umeishika nyumba, na mtaa pia. Mnaponiuliza siri ya kushikisha ngozi vizuri, nawaambia muoshe, mlambe, mpulize kwa ulalo na kwa wima. Lakini chomekeni kile kifaa kwanza, na kichomekeni mara mbili kwenye ukuta wa mtu mnayempenda. Kwa mgeni mtu huogopa kukosea. Kwa dada yake haogopi.

Limebaki jambo moja, nami nililiahirisha kwa sababu ni gumu kuliandika.

Ule mraba wa kwanza nilioubandua sikuutupa. Niliuleta Makorora ndani ya mfuko, sijui kwa nini, nikauficha chini ya meza. Dada aliuona. Siku hiyo alikuwa ameketishwa kitandani na mto mgongoni, akaniambia nimpe. Upande mmoja ulikuwa ngozi, laini, unene mmoja kila mahali. Akaugeuza. Upande wa pili ilikuwa imeganda chokaa ya nyumba yetu, na pale ilipokatwa ungeweza kuona Shaaban moja juu ya nyingine, nyembamba kama kurasa, zake na za mama na za waliotangulia. Alipitisha kucha ya kidole gumba polepole, mpaka kucha ikasimama kwenye mstari mmoja wa buluu.

"Mwaka uliofaulu," alisema.

"Naam, dada."

Akaushika ukingo wa ngozi, akajaribu kuitenga na chokaa. Vidole vyake vilikuwa na nguvu bado, vya msusi. Akavuta, akapumzika, akavuta tena.

"Haibanduki."

"Haibanduki, dada."

Akanirudishia, upande wa chokaa ukiwa juu, akanipigapiga mkono kama alivyokuwa akifanya nilipoleta matokeo ya shule.

"Basi kazi ulijifunza vizuri," alisema.